Chuma cha Kubebea Kinga

Zile kinga mbili tulitumiwa na binti yetu mkubwa, aliyeolewa Lubumbashi. Kinga ndilo jina letu la baiskeli hapa Kamina, ila hizi hazikuwa za kawaida. Zilikuwa za milimani, zenye matairi manene ya meno na giya nyingi, na mpaka leo zipo ambazo sijazigusa. Daktari alikuwa ameniambia presha yangu imepanda. Nikamweleza binti kwa simu, nikitegemea atanitumia dawa, naye akanitumia mazoezi kwa treni. Nilipokwenda kuzichukua stesheni, mzee mmoja aliyekuwa akingoja magunia yake alizitazama, akautazama mji wetu uliolala tambarare kama meza, akaniuliza kwa upole, "Papa, mulima iko wapi?"

Nilizikokota mpaka nyumbani.

Mimi ni mkuu wa idara ndogo katika ofisi moja ya jimbo. Idara yenyewe ina watu wachache na feni moja, lakini mkuu ni mkuu. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza nilipotoka na kinga, nimevaa kofia ya plastiki na suruali ya michezo iliyoachwa na kijana wetu alipokwenda masomoni, suruali iliyonishika kama soseji, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kukutana na watu. Bosi wangu alikuwa wa kwanza. Alisimamisha gari, akashusha kioo.

"Chef, motokari imekufa?"

"Hapana, Patron. Ni mazoezi."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, jinsi mtu anavyomwitikia mfiwa anayesema hajambo. Jumatatu ofisi nzima ilikuwa ikinisemesha kwa sauti ya chini. Katikati ya wiki wakaja akina mama wa kanisani kwetu na beseni la unga wa mahindi. Mmoja wao aliomba kwa sauti kubwa ili Bwana atufungulie njia tena, na gari letu la bluu lilikuwa limesimama uani nyuma ya mgongo wake, zima kabisa, limeoshwa. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na kwa kawaida hasemi uongo, alisema amina akapokea unga.

"Ungewaambia," nilimlalamikia walipoondoka.

"Niwaambie nini? Unga iko unga."

Siku hiyo niliamua. Mazoezi tutafanya, lakini nje ya mji, mahali ambapo hakuna anayenijua. Dada mkubwa wa mke wangu anakaa kijijini, kwenye njia ya Kaniama, na huko kuna vijia vizuri kati ya mashamba ya mahindi na mihogo. Tungekwenda kwa gari na kinga zetu, tuendeshe huko, turudi mjini na heshima yetu. Kilichokosekana kilikuwa chuma cha kubebea kinga kwenye gari.

"Kinga inatembea yenyewe," mke wangu alisema. "Juu ya nini ibebwe?"

Nilimwambia sababu ni usalama barabarani. Sikumwambia habari ya suruali.

Basi nikaanza kusoma. Jioni baada ya jioni nilikaa barazani na simu, nikisoma maoni ya watu wa nchi ambazo sitazifikia. Nikajua kuwa vyuma hivi viko vya aina tatu. Kuna cha kufungwa juu ya paa, ambacho ni imara, lakini kinataka mtu mrefu wa kupandisha kinga, na kwetu hapa mrefu ameshaondoka, amekwenda masomoni. Kuna kinachoshikizwa kwenye ndoano ya kuvutia trela, ambacho wote walikisifu, lakini gari letu halina ndoano, na bei yake ilinifanya nifunge simu nikaenda kunywa maji. Cha tatu hufungwa nyuma, juu ya mlango wa buti, kwa mikanda. Hicho ndicho cha bei nafuu. Wasomi wa jambo hili walikubaliana kwamba kitu cha kwanza ni kuangalia kama kinalingana na umbo la gari lako. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Niliikubali kabisa. Niliwafundisha hata wenzangu ofisini.

Kipya kilikuwa ghali, hata kile cha mikanda, na kukisafirisha kutoka Lubumbashi ni gharama nyingine. Ndipo nikasikia kwamba kule base, kambini, kuna mke wa mwanajeshi anayeuza vitu vilivyokwisha kutumika, na kwamba ana chuma cha ajabu ambacho hakuna anayejua ni cha nini. Mimi nilijua.

Hapo akili yangu ya biashara ikafanya kazi. Niliwaza: nikienda na gari, ataona ni mtu wa gari, atapandisha bei. Kwa hiyo nikaliacha gari nyumbani, nikavaa shati langu lililopauka kuliko yote, nikapanda pikipiki ya abiria. Huyo mama alikuwa mtu wa jimbo la Équateur, amezunguka nchi nzima akimfuata mumewe kutoka kambi hadi kambi, na Kiswahili chake kilikuwa na Lingala ndani kama chumvi. Alikitoa chuma chini ya rundo la masufuria. Nilikitambua mara moja: mikono miwili ya kulaza kinga, miguu ya sponji, mikanda yenye kulabu. Moyo ulinienda mbio, lakini uso niliukunja.

"Kimezeeka," nilisema.

"Papa na ngai," yaani baba yangu, alisema, "hata siye tumezeeka. Motokari yako iko wapi? Ulete tujaribu. Minyi sijue kama itaenea."

"Motokari? Mimi ni mtu wa kawaida tu, Mama. Ni ya rafiki."

Alinitazama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Si weye njo ule chef wa bureau, mwenye motokari ya bluu? Kila siku ya Mungu unapita pale kanisani kwenu na kioo wazi, unasalimia bantu."

Nilinunua bila kupunguziwa chochote. Nilirudi nimebebana na chuma kile nyuma ya pikipiki, mikono yake miwili imechomoza mabegani kwangu kama pembe, nikapita katikati ya soko, na nadhani siku hiyo nilisalimiwa na watu wengi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Nyumbani nikakuta kwamba gari letu, kwa nyuma, juu ya kioo, lina bawa dogo la plastiki. Nimelimiliki gari hili miaka mingi, nalifuta vumbi kwa mkono wangu, na bawa lile sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Kulabu za juu hazikupata pa kushika. Mtu mwenye busara angekirudisha chuma. Lakini kukirudisha kulimaanisha kumtazama tena yule mama, kwa hiyo nikateremsha chuma chini zaidi, nikakifunga kwa mikanda yake, nikaongeza vipande vya mpira wa ndani wa tairi, vile ambavyo watu wetu hufungia magunia ya makaa. Nilifunga mpaka gari likaonekana limevunjika mbavu na kupelekwa hospitali. Tulipopandisha kinga, zilikaa chini, karibu na bomba la moshi.

Mke wangu aliinama, akatazama. "Ule mupira wa kinga yako hauko karibu sana na moshi?"

"Huo ni umbali wa usalama," nilimjibu. Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma mahali. Sikuwa nimesoma ni umbali gani.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Nilichagua njia za nyuma ili tusipite mbele ya nyumba za wenzangu, na hivyo tukapita mbele ya nyumba za wote wengine. Kwenye kizuizi cha barabarani, mwisho wa mji, polisi alituzunguka akitafuta namba ya gari.

"Papa, plaki iko wapi?"

"Iko nyuma ya kinga."

"Na kinga iko ya nani?"

"Ni zetu. Moja yangu, moja ya Mama."

Alifikiri kidogo. Karibu yake walikuwa wakipita wanaume wanaosukuma kinga zao kutoka vijijini, kila kinga na magunia ya makaa yaliyopanda mpaka usawa wa kichwa. Akawaangalia wao, akaangalia gari letu. "Kinga njo zinabeba vitu," alisema. "Sasa kwenu vitu njo vinabeba kinga?" Aliita mwenzake aje aone. Walicheka vizuri sana, bila ubaya, wakatuachilia, na nikaondoka kwa haraka isiyolingana na barabara ile.

Barabara ya Kaniama ni ya udongo mwekundu wenye mashimo, na katika kila shimo nilisikia chuma kikigonga mgongo wa gari. Baada ya muda ikaja harufu ya kitu kinachoungua.

"Wanachoma mashamba," nilisema.

"Mwezi huu?" mke wangu aliuliza.

"Basi ni ile lori iliyo mbele."

"Mbele hakuna lori."

Nilifungua kioo ili kuthibitisha, na hapo nikasikia mtu akipiga kelele. Alikuwa mmoja wa wale wabeba makaa, tuliyekuwa tumempita kwenye mteremko, naye sasa alikuwa amegeuza, akitukimbilia na kinga yake na magunia yake, maana kwa mwendo niliokuwa nao katika mashimo hata yeye aliweza kunifikia.

"Papa! Papa! Kinga yenu inawaka!"

Kabla sijasimama vizuri, tairi lilipasuka. Mlipuko ule niliupokea kwa kuinama chini ya usukani na kumwachia mke wangu mambo yote ya nje. Nilipoinuka, alikuwa ameshashuka. Tairi la mbele la kinga yangu lilikuwa limeyeyuka upande mmoja, meno yake yamelainika kama sabuni iliyolala kwenye maji. Vile vipande vya mpira nilivyofungia vilikuwa vimekatika karibu vyote, na kinga ya mke wangu ilikuwa ikining'inia kwa mkanda mmoja. Mbeba makaa alitusaidia kuiteremsha. Hakunicheka. Alisema tu, "Pole, Papa," kisha akashika tena mzigo wake, akaendelea na safari yake ya mjini.

Nilisimama kando ya njia nikisubiri mke wangu aseme. Alikuwa na haki ya kusema mengi, na nilikuwa nimeshayaandalia majibu. Badala yake alikunja kitenge chake vizuri, akapanda kinga, akajaribu giya.

"Umbali umebakia kidogo," alisema. "Minyi nitatangulia. Weye unifuate na ile motokari yako."

Akaenda. Mke wangu alizaliwa upande huo wa Kaniama, na utotoni alikuwa akiendesha kinga ya baba yake akiwa amepitisha mguu chini ya paipu ya fremu, kwa kuwa juu hakufika. Mimi hadithi hiyo niliijua, lakini sikuwa nimewahi kuiona. Niliendesha nyuma yake kwa giya ya kwanza, taa za hatari zikiwaka, chuma kikigonga. Akina mama waliokuwa shambani walisimama na majembe yao, wakamshangilia. Mmoja akauliza ni nani huyo anayesindikizwa na gari.

Dada yake alitupokea kwa vifijo, akazunguka gari, akashika chuma, akashika tairi lililoyeyuka. Nilimweleza kila kitu, pamoja na aina tatu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa, shemeji," aliniuliza, "kinga ilikuwa imegonjwa, mukaileta na motokari?"

Wakati wa kurudi ulipofika nilianza kutafuta kamba. Mke wangu aliniambia nisijisumbue. Alilaza viti vya nyuma, akafungua magurudumu ya mbele, ambayo hufunguka kwa kuvuta kijiti kidogo tu bila spana, akaziingiza kinga zote mbili ndani ya gari. Zikaenea. Palibaki hata nafasi ya kuku na gunia la mihogo tuliyopewa. Nilikaa juu ya jiwe nikaangalia. Wiki zote zile za kusoma barazani, hakuna mahali palipoandikwa fungua mlango ujaribu, au labda paliandikwa na mimi nikapita haraka kwenda kwenye bei.

Tulipokaribia mji mke wangu akasema, akitazama mbele, "Tangu batoto baende, nyumba iko kimya. Weye unarudi ofisi, unashika simu. Kinga zilipofika nilifurahi. Nilisema, sasa tutatembea siye wawili. Kumbe ukachukua simu tena, juu ya chuma."

Kuku nyuma alikuwa akilia kana kwamba ana maoni yake. Nilisema, "Kesho kutwa jioni, baada ya kazi?"

"Kupitia wapi?"

"Barabara kubwa," nilisema. "Ya sokoni."

Tairi jipya la milimani halikupatikana Kamina. Fundi alinifungia la kawaida, jembamba na laini, kwa hiyo kinga yangu sasa ni ya milimani kwa nyuma na ya mjini kwa mbele, na inavuta kulia. Jioni ile mvua ilitukamata karibu na reli, tukashuka, tukazikokota polepole kwenye matope, tumelowa wote wawili. Mke wangu alinisimulia habari za darasa lake, za mtoto mmoja anayeandika namba saba kinyumenyume na kukataa katakata kwamba amekosea. Aliisimulia mpaka tulipofika nyumbani, na kwa kuwa haikuwa imekwisha, tukasimama uani mvuani, akamaliza.