Koti Lililorudi Kwao

Dada yangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma uuguzi Ulaya, aliyejaribishwa nguo zote za safari ni mimi. Yeye alikuwa Dar es Salaam akihangaikia pasipoti na viza, na sisi wawili tuna mwili mmoja: mabega yale yale, urefu ule ule, hata miguu mikubwa tumerithi sawasawa kutoka kwa baba. Kwa hiyo kila nikitoka shule, msichana wa kidato cha tatu mwenye njaa yake, nilisimamishwa katikati ya sebule yetu pale Mandewa, Singida, mikono juu, nikavishwa Ulaya ya mtu mwingine.

Mama anauza mitumba sokoni. Tangu nguo za nje ziruhusiwe kuingia, nusu ya mji huu imevishwa na meza yake. Wazee wengine bado wanaziita kafa Ulaya, eti wenyewe wamekufa. Mama huwajibu kwamba kama marehemu walipendeza hivi, basi walio hai wajitahidi.

Dada alipiga simu dukani kwa jirani, akasema begi ni moja tu, na awekewe nguo za kazi, siyo za harusini. Mama akajipangia masharti: nguo izuie baridi, isionyeshe uchafu, ikauke haraka. Nilijaribishwa soksi za sufu, suruali za kubana za kuvaa ndani, na sweta lenye shingo ndefu kama ya twiga. Yote hayo mwezi wa kumi, jua limekaa juu ya bati letu kama mgeni asiyejua kuaga. Mama ananizungusha. Inua mkono. Inama. Chuchumaa kama unamfunga mgonjwa bandeji. Nikamuuliza kama nimchome na sindano kabisa. Akanivuta shingo ya sweta, akaendelea.

Wivu wangu haukuwa wa kificho. Ulikaa wazi usoni kama chunusi. Lakini soksi na sweta ningevumilia. Kilichonimaliza ni koti.

Jumamosi moja mama alifungua robota jipya la mitumba, mimi nikamsaidia kukata mikanda. Sheria ya pale sokoni kila mtu anaijua: robota likifunguliwa, mkono wa kwanza kushika nguo ndio mwenye nguo. Hata aje mke wa mkubwa gani, atasubiri uirudishe. Nikaona kiwiko cha bluu kimechungulia kati ya mashuka. Nikakidaka. Likatoka koti zito la nailoni, limejaa pamba ndani, lina kofia yenye manyoya, na zipu inayopanda bila kubembelezwa. Mama alilimwagia maji kidogo, yakaviringika yakaanguka chini.

Mimi hapo akilini nimeshafika mwezi wa saba, kwenye baridi. Nauona upepo wetu wa asubuhi, ule unaoingia kwenye kiwiko kimoja cha sweta langu la shule na kutokea kwenye cha pili. Najiona nakata mtaa ndani ya koti hilo, kofia kichwani, siongei na mtu.

"Mama, nimelishika mimi," nikasema.

"Sheria hiyo ni ya wateja. Wewe mteja?"

"Basi mimi nani?"

"Wewe kipimo. Livae tuone kama linamtosha dada yako."

Lilinitosha kama nimezaliwa nalo. Nikajaribu kusema linabana. Mama akaingiza ngumi yake kwapani, ikapita bila shida, akaniuliza linabana wapi.

"Moyoni," nikasema.

Meza za jirani zilicheka. Mama hakucheka. Alilikunja akaliweka chini ya kiti chake.

Wiki hiyo shangazi alikuja kutoka Issuna na karanga za kumpa msafiri. Shangazi yangu ana imani zake za dini, na juu yake ana imani ya pasi. Nguo iliyoanikwa nje haivaliwi bila kupigwa pasi, funza watakuingia mwilini. Basi mama akiwa sokoni, shangazi akawasha pasi ya mkaa, akapiga kila kilichokuwa kwenye kamba. Akapiga soksi. Akapiga zile suruali za ndani hadi zikawa na mstari. Kisha akalitandaza koti.

Nikamwambia kwa adabu kwamba lile lina pamba ndani.

"Ndiyo maana halinyooki," akasema, akaongeza mkaa.

Nikasogea kando. Kwetu shangazi hasahihishwi mara mbili. Na naapa sikujua nailoni inayeyuka, ingawa mama mpaka leo hajakubali. Kulisikika mlio mdogo, ikafuata harufu ya beseni lililoungua, na shangazi alipoinua pasi, mgongo wa koti ukaja nayo. Likabaki tundu lenye umbo la pasi kamili, ncha yake juu, na pamba nyeupe inachungulia.

Shangazi alikaa chini polepole. Nikamletea maji, nikampa pole kwa sauti ya msibani. Ndani yangu kulikuwa na ngoma. Nani atakwenda Ulaya na tundu la pasi mgongoni? Koti limeshakuwa langu. Mwezi wa saba nitatembea nimeegemea kuta.

Mama aliporudi hakumlaumu wifi yake hata kidogo. Alipitisha vidole kwenye tundu, akauliza ndani ya nyumba hii ni kitu gani kisichopitisha maji. Macho yake yakazunguka sebule, yakatua kwenye begi langu la shule. Nailoni ya kijani, nzito. Juu ya mfuniko wake nilikuwa nimechora kwa wino mzito mbuzi aliyevaa miwani na tai. Alikuwa mwalimu wetu wa hesabu. Shule nzima ilimtambua isipokuwa mwenyewe.

"Mama, begi lina vitabu," nikasema.

Mama akavitoa.

Dada alipofika alilikuta koti lina kiraka cha kijani, kimeshonwa mizunguko miwili, mbuzi katikati. Alicheka mpaka akakaa, akasema hata likichanganyika na makoti mia atalijua. Akalivaa, akageuka. Shangazi akasema limemkaa vizuri. Lazima limkae, limejaribiwa na nani?

Likaenda. Limetoka huko huko Ulaya, likaja kunichungulia kidogo Singida, likarudi kwao. Mimi nikabaki nabeba vitabu kwenye mfuko wa sukari.

Baadaye ikaja picha. Dada amesimama kwenye theluji, ametupa mgongo, anacheka juu ya bega, na mbuzi ameonekana hadi fundo la tai. Mama ameitundika sebuleni. Wageni wakiuliza, anawaambia hiyo ni alama ya kiwanda.

Mwezi wa saba umefika na upepo wake. Juzi mwalimu wa hesabu alikuja nyumbani kumweleza mama habari za alama zangu. Nilimpa shikamoo, nikasimama mlangoni na viwiko vya sweta langu vilivyotoboka. Akaisogelea picha, akarekebisha miwani, akaitazama muda mrefu.

"Dada yako ana bahati," akasema. "Sisi wengine huko hatutafika."

Nikamwitikia ndiyo mwalimu. Yeye ameshafika, na amevalia tai kabisa. Ni mimi tu niliyebaki.