Ubeti Niliomrudishia Dobi

Usiku ule, kama saa nne ya asubuhi inaweza kuitwa usiku, nililala na hasira zangu. Mimi naoka mikate zamu ya usiku katika kiwanda kimoja hapa Coventry, kwa hiyo usiku wangu huanza pale wenzangu wanapokunywa chai ya pili. Nilifunga mapazia, nikazima simu, nikajitupa kitandani na ubeti wa mtu mdomoni. Naam, wa mtu, nisizungukezunguke. Jioni ile saa kumi nilikuwa niende studio kurekodi mashairi ya marehemu na kusema ni yangu.

Marehemu mwenyewe ni Idrisa. Watu wa hip hop ya chini kwa chini hapa Uingereza wanamjua kwa jina la Dobi, kwa sababu mama yake alifanya kazi ya udobi, akifua na kukunja mashuka ya watu miaka nenda miaka rudi. Wazazi wetu wote ni watu wa Tanga. Tulianza kuchana mistari tukiwa na miaka kumi na mitano, ndani ya kabati la nguo la mama yake, tumetundika mablanketi ili sauti isitoke, maiki tumeifunga kwenye mpini wa ufagio. Kanda zetu za kwanza tuliziacha kwa kinyozi azisambaze. Baadaye zikaja santuri, zikaja safari za kwenda kuimba kwenye vyumba vya chini ya baa, watu hamsini, jasho linadondoka kutoka darini.

Redio kubwa hazikupiga nyimbo za Dobi hata siku moja, na wala hakujali. Mimi nilijali, tena sana. Lakini wako watu Poland na Japani wanaoijua mistari yake vizuri kuliko ninavyoijua anwani yangu. Alipofariki mwaka juzi kwa maradhi ya figo, gazeti moja lilimwandika ukurasa mzima: fundi wa maneno, mwandishi aliyekaa pembeni, sijui nini na nini. Na mimi nilikuwemo, huko chini kabisa. Waliandika "Dobi na mwenzake". Mwenzake! Miaka ishirini na mbili jukwaani, jina nililopewa ndilo hilo. Nililikunja lile gazeti nikalitia kwenye pipa, halafu nikalitoa nikalisoma tena.

Lazima niwaeleze kanuni yetu, maana kosa langu limo humo. Tuliita kusomeana. Kabla ubeti haujafika kwenye maiki, unamsomea mwenzako mkavu, bila biti, mmekaa uso kwa uso. Akisema "pita," unarekodi. Akisema "rudi," unakwenda kuandika upya, na hakuna kubishana. Dobi alinirudisha mara nyingi sana, na kila mara, Mungu wangu, alikuwa na haki. Mimi sikuwahi kumrudisha. Ningemrudishia nini? Ila ubeti mmoja tu.

Huo aliuandika kwa Kiswahili, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya, maana sisi tulichana kwa Kiingereza cha mtaani kwetu. Ulianza hivi:

Mama yangu hajasoma, ila shuka analisoma,
ajua nani kaugua, nani katetemeka na homa,
lililolaliwa na wawili, lililobaki na mmoja,
analikunja taratibu, la mwingine linamngoja.

Ukaendelea hivyo hadi mistari kumi na sita. Mimi nilikaa kwenye lile duka la dobi alikofanya kazi mama yake kila siku baada ya shule, nikila biskuti za mama yake, na nilichoona ni mashuka. Mashuka tu! Yeye alikaa kiti cha pembeni yangu akaona maisha ya watu. Nikamwambia, "Rudi. Nani huku atakuelewa?" Akaurudisha, akabadilisha neno moja mbili, akanisomea tena. Nikasema rudi. Mara ya tatu nilisema rudi kabla hajamaliza. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akaniuliza kama nina njaa.

Hakuurekodi. Alipokufa, dada yake Zuhura alipekua madaftari yote, na ubeti ule haukuwemo. Sasa Zuhura anatengeneza santuri ya kumkumbuka kaka yake, na akanipigia simu kwa heshima zote: "Kaka Salim, tunataka ubeti wako mpya umalizie upande wa pili." Ubeti mpya mimi nautoa wapi? Sijaandika kitu cha maana tangu ndugu yangu afe, na hata kabla. Lakini ule wa mashuka ulikuwa umenasa kichwani, mzima mzima, tangu siku ile. Hakuna mwingine aliyeusikia. Nikabadilisha hapa na pale, "mama yangu" nikaweka "bibi yangu", nikaufanyia mazoezi bafuni wiki nzima. Ulinikaa vizuri. Wallahi, ulinikaa vizuri mno, na nikaanza kuwasikia watu wakisema kumbe huyu mwenzake naye alikuwemo.

Basi nikalala.

Nikawa nipo kwenye lile duka la dobi. Mashine zote zinazunguka na hakuna hata moja inayotoa sauti. Kuna harufu ya sabuni na ya nguo zenye joto. Mama Idrisa yuko kule mwisho, amenipa mgongo, anakunja. Juu ya mashine ya kukaushia amekaa Dobi, miguu inaning'inia, amevaa lile koti lake la kijani lenye zipu mbovu. Sikushangaa. Nilichohisi kwanza ni kwamba amependeza, na nikakasirika kwamba hata aliyekufa anapendeza kunishinda.

"Nisomee," akasema.

Nikasema sina kitu. Nikasema nimechoka, nimetoka zamu. Halafu mashine hazipo tena, tumo ndani ya kabati la mama yake, watu wazima wawili tumebanana kati ya mablanketi, magoti yanagusana, na naisikia pumzi yake. Nimeshika karatasi ambayo sikuiandika.

Namsomea. Namsomea mkavu, kama kanuni inavyotaka. Yeye anasikiliza kama alivyozoea, amefumba macho, anatafuna ukosi wa koti. Naisikia sauti yangu inavyotetemeka nikifika kwenye neno bibi. Nje ya kabati nasikia mtu anakung'uta shuka, pwaa, na tena pwaa. Namaliza. Nangoja aseme neno lake, nimekuwa kijana wa miaka kumi na mitano tena.

Akafumbua macho. "Bibi yako alikuwa na minazi," akasema. "Mashuka aliyajulia wapi?"

Nikacheka. Sikutaka kucheka, lakini nilicheka, naye akacheka kile kicheko chake cha puani, na kwa dakika moja tukawa sisi wale wale. Halafu kikanijia kilio na hasira pamoja, nikamwambia yote niliyokuwa sijawahi kumwambia akiwa hai. Nilimwambia nimekuonea wivu tangu tukiwa watoto. Nilionea wivu daftari lako, nilionea wivu ukimya wako watu walivyouheshimu, nilionea wivu hata mazishi yako, Idrisa, nilisimama pale kaburini nahesabu watu. Nilimwambia ubeti ule ulikuwa mzuri kuliko chochote tulichowahi kufanya na nilijua tangu mstari wa kwanza.

"Nilikuona," akasema. "Midomo yako ilikuwa inaurudia."

Sasa tumesimama kwenye kile kituo cha basi karibu na kwao, mvua nyembamba inanyesha, na yeye halowi. Namshika mkono wa koti. Namuuliza: kama ulijua nakudanganya, kwa nini hukuurekodi? Ungeurekodi tu! Nani angekuzuia?

Anafikiri. Dobi siku zote alifikiri kabla ya kujibu, hata ukimuuliza saa.

"Ningeurekodi bila wewe kusema pita, nani tena angenisikiliza?"

Hapo ndipo nilipomchukia kuliko wakati wowote, na ndipo nilipompenda, na sikuweza kuvitenganisha. Kumbe alijua. Kumbe aliuweka mfukoni ubeti wake bora ili mimi niendelee kukaa mbele yake uso kwa uso. Hata kwenye hilo kanizidi! Mtu gani huyu, hata ukimwibia unakuta keshakupa? Nilitaka kumpiga. Nilimshika koti kwa mikono miwili, kitambaa kikawa cha moto mkononi mwangu kama nguo iliyotoka kwenye mashine sasa hivi, na nikaona nimeshika shuka, na tumerudi kwenye duka la dobi, na Mama Idrisa ameshika ncha ya upande wa pili. Tunalikunja pamoja. Haniangalii. Anakuja hatua moja, ananipa ncha zake, anarudi kuchukua lingine.

Dobi yuko mlangoni. Ameshafunga koti, ile zipu mbovu imepanda mpaka shingoni.

"Salim," akasema. "Mama hajausikia."

Nikataka kumuuliza tena na tena, nikataka kumwambia angoje, niseme lile neno nililomnyima. Nilifungua mdomo na nikaamka.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Shuka langu lilikuwa limelowa jasho na nimelishika kwa mikono miwili. Nje jirani alikuwa anakata majani kwa mashine yake. Nilikaa kitandani, na msinione mtu mwema, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba bado ninao muda wa kufika studio. Ni ndoto, nilijiambia. Mtu akila mkate wa moto kabla ya kulala huota mambo. Nikavaa suruali, nikapiga mswaki, nikaanza kuusema ubeti mbele ya kioo. Bibi yangu hajasoma. Nikakwama hapo hapo. Nikaanza tena, nikakwama tena.

Nikawasha simu, nikampigia Zuhura.

"Kaka Salim! Umeshafika?"

"Bado. Nataka nikusomee kwanza."

"Nisomee, nisomee."

Nikamsomea wote, mistari kumi na sita, na ule wa kwanza nikaurudisha kama ulivyoandikwa. Nilipomaliza nikasikia anavuta kamasi.

"Jamani, Kaka Salim," akasema. "Jamani. Na umemwandika mama yetu. Umeandika lini hivi vitu?"

Nawaambia kweli, mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amenifungulia mwenyewe. Ningesema mwezi uliopita, ningesema kwa kumkumbuka marehemu, na wangenibusu mikono. Wivu haukuwa umekwenda popote, ulikuwa umekaa palepale kifuani unangoja nijibu.

"Sikuandika mimi," nikasema. "Ni wa kaka yako. Alinisomea mara tatu na mara tatu nilimrudisha. Nilimrudisha kwa sababu ya wivu, Zuhura, si kwa sababu nyingine."

Kisha nikasikia hatua zake, nikasikia mlango unafunguliwa, nikasikia sauti yake mbali kidogo: "Mama, amka. Kaa vizuri. Hebu kamata simu." Kukawa na mikwaruzo, na mtu anahema.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Ni Salim? Huyu ananiambia una maneno ya Idrisa."

"Ninayo, mama. Nilikuwa nayo siku zote."

"Haya mwanangu, sema," akasema. "Lakini sema kwa nguvu. Zile mashine ziliniharibu masikio."