Sala niliyoishitaki mbele ya wazazi

Mimi njo mukubwa wa nidhamu kwenye sekondari moja ya Alunguli. Mwaka huu tuliweka sheria kwamba mwanafunzi asimutishe mwenzake kwenye WhatsApp. Juma lililofuata nikaona mwanafunzi mumoja, Furaha, ameandika kwenye statusi yake: "Mungu, ufunge kinywa cha adui yangu mbele ya watu wote."

Nikajua adui ni Asha, mwenzake wa darasa, maana walikuwa wamegombana juu ya benchi. Nikaita wazazi wa wote wawili. Nikasimama na simu mukononi, nikasoma maneno yale polepole, kwa sauti nzito, wasikie ubaya wake.

Wazazi wakaitika, "Amina."

Nikadhani hawakuelewa, nikasoma tena. Wakaitika tena, na baba ya Asha, ambaye ni Muislamu, alinyanyua mikono kabisa.

Furaha akatoa karatasi ndani ya Biblia yake. "Papa shemasi, hii njo sala ya kufunga ya juma hii. Mulitugawia nyinyi wenyewe kwenye mulango ya kanisa."

Ni kweli, kanisani mimi njo shemasi, na nilizigawa. Sikusoma hata moja.

Nikafungua kinywa nijibu, hakikutoka kitu. Wazazi wakaitika mara ya tatu.