Magamba ya Kichwani

Nilikuwa na mwaka wa sita kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, meza ya kukata minofu ya sangara, siku supavaiza aliponiondoa mezani kwa sababu ya kichwa changu. Hakunionea. Pale kiwandani ukigusa kichwa unatoka, unanawa, unabadilisha glovu ndipo unarudi kwenye kisu. Siku hiyo, kabla hata ya chai ya saa nne, nilikuwa nimebadilisha glovu mara tatu. Mara ya nne sikutoka. Nilijikuna juu ya kofia kwa kiwiko, nikidhani hakuna aliyeniona.

Supavaiza alikuwa mwanamke wa rika langu, mtu wa maneno machache. Aliniita pembeni, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaniambia nivue kofia. Nilivua. Nikatazama buti zangu. Nilijua anachokiona. Magamba ya manjano yenye mafuta yalikuwa yameganda kuanzia kwenye paji la uso hadi nyuma ya masikio, na pale yalipobanduka ngozi ilikuwa imepauka, na sehemu nyingine nyekundu. Hata kwenye nyusi yalikuwepo.

Aliniuliza kama ni mapunye. Nikasema ni mba tu.

"Dada, mba haiko hivi," alisema. "Sikufukuzi. Leo nenda stoo ya maboksi, kesho nenda hospitali. Niletee karatasi inayosema huambukizi, utarudi kwenye kisu chako."

Nilikunja maboksi hadi jioni, nikilia kidogo kidogo. Kutolewa mezani hakukuniliza sana. Nilikuwa nikilia kwa sababu ya ile hospitali.

Mume wangu alifariki baada ya kuugua muda mfupi, na miezi michache baadaye ndipo kichwa changu kilianza kuwasha. Hakuna aliyeniambia kilichomuua kwa jina linaloeleweka. Walisema homa, wakasema mapafu. Mtaani kwetu Buhongwa watu wakisikia mjane ameanza kutoka vitu kwenye ngozi, hawahitaji daktari, wanajua wenyewe. Na mimi nilijua mwenyewe. Miaka miwili nililala na jibu la swali ambalo sikuwahi kwenda kuliuliza. Nilichofanya ni kufunga kitambaa na kutafuta dawa za kuficha.

Nilipaka limao, likaniunguza hadi machozi. Nikapaka mshubiri. Msusi mmoja aliniambia ngozi yangu imekauka, niishibishe mafuta, na hata mama yangu kule Sengerema alisema hivyo hivyo, kichwa kikavu dawa yake ni mafuta. Basi kila jioni nilipaka mafuta mazito hadi mto ukawa na doa. Kwa siku moja au mbili magamba yalilala, nikadhani nimepata. Siku ya tatu yalirudi mazito kuliko mwanzo. Nikasuka rasta za kubana ili nisione ngozi, nikakaa nazo miezi miwili bila kuosha. Kuwasha kule siwezi kukuelezea. Nilikuwa najichoma na mpini wa kitana katikati ya misa.

Kesho yake nilikwenda kliniki. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia shikamoo kabla hajaniuliza chochote, na hilo lilinitoa hofu kidogo. Akavaa glovu, akanitenganisha nywele taratibu kwa vidole, akatazama nyuma ya masikio, nyusi, na pembeni ya pua. Akauliza nimepaka nini. Nilipomtajia mafuta, akatikisa kichwa.

Alinieleza huku akiwa amekaa karibu yangu. Alisema huu ni ugonjwa wa ngozi unaopenda sehemu zenye mafuta, akataja jina lake refu la kidaktari, nikamwomba alirudie, bado sikulishika. Alisema kuna fangasi wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, yake yeye, yangu, ya supavaiza wangu, na chakula chao ni mafuta. Kwa watu wengi hawasumbui. Kwa wengine ngozi inawakasirikia, inawasha, inajimenya upesi upesi, ndiyo magamba. Mawazo yanauchochea ugonjwa huo, uchovu unauchochea, na joto na jasho chini ya kofia havisaidii. Hautokani na uchafu. Hauambukizi. Mafuta yote yale niliyopaka nilikuwa nawalisha wageni hao.

Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, ikiwa kali namna hii huwa tunashauri na kipimo cha virusi vya Ukimwi. Haimaanishi kwamba unavyo. Wengi wenye tatizo hili hawana. Lakini ni vizuri tujue, ungependa?"

Nilimwambia nimelisubiri swali hilo miaka miwili. Akatoboa kidole changu. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikihesabu vigae vya sakafuni, kila nikifika arobaini nachanganya naanza upya. Aliponiita ndani sikuweza kumtazama. Akageuza karatasi upande wangu niisome mwenyewe. Sikuwa na virusi.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki, na kwamba yalikuwa ya uvuguvugu, na nikayanywa yote.

Aliniandikia shampuu ya dawa ya fangasi. Nifumue rasta, nioshe mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, povu likae kichwani dakika tano ndipo nisuuze, kwa sababu wengi wanaosha na kusuuza hapo hapo halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Akaongeza dawa ya maji ya kutuliza muwasho, ya siku chache tu, nisiizoee. Kwa kuwa nywele zetu hukauka, mafuta nipake kwenye ncha za nywele, yasiguse ngozi. Nisikwangue magamba kwa kucha. Nikisuka, nisuke legelege na niendelee kuosha. Nilipouliza nitapona lini, alisema ukweli: hauondoki moja kwa moja, unatulizwa. Utarudi siku moja, hasa nikiwa na mawazo, nami nitajua la kufanya. Ajabu ni kwamba maneno hayo hayakuniumiza. Kitu ambacho kitarudi na nina dawa yake nilikiona chepesi kuliko kile nilichokuwa nimekibeba.

Usiku wa kwanza baada ya kuosha nililala hadi asubuhi bila kuamka kujikuna. Wiki ya tatu nyusi zilikuwa safi. Supavaiza alisoma karatasi ya daktari inayosema siambukizi, akaikunja, akanirudisha mezani, na siku hiyo wakati wa chai alikuja kukaa benchi langu.

Mwezi uliofuata nilikwenda Sengerema kumsalimia mama. Siku hizi tunapita darajani Busisi, hata hujamaliza kulitazama ziwa umeshavuka. Nilifika kichwa wazi, nywele fupi. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili kama anavyokagua tikiti maji, akanigeuza huku na huku.

"Yameenda wapi?" aliuliza.

Nikamweleza yote, fangasi, mafuta, dakika tano, kila kitu isipokuwa kipimo. Halafu nikamweleza na kipimo. Nilipomaliza akainuka, akafunga mlango wa mbele, akarudi akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akafungua kitambaa chake.

Mimi ni mtoto wake wa tatu, na sikuwa nimewahi kuona kichwa cha mama yangu. Alioga peke yake, alilala na kitambaa, kanisani alifunga viwili. Sisi watoto tulidhani ni heshima tu. Magamba yake yalikuwa kama yangu, mahali pale pale, ila ya zamani zaidi. Alisema yalianza alipokuwa amenibeba mgongoni. Bibi yake mzaa baba alimwambia ni mambo ya ukoo wao, asionyeshe watu. Basi hakuonyesha watu.

"Hata baba yako hakuwahi kuona," alisema.

Nilitaka kumwosha hapo hapo, lakini nilikumbuka vidole vya yule daktari, nikampeleka kwanza hospitali wamwangalie. Walisema ni ugonjwa ule ule. Jioni nilipasha maji, nikaweka beseni kwenye ua wa nyuma, mama akainama akiwa na kanga mabegani. Nilimpaka shampuu taratibu kwa ncha za vidole. Nikamwambia tusubiri dakika tano. Povu likamteremka shingoni, macho ameyafumba. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba hajui mara ya mwisho mtu kumgusa kichwa ilikuwa lini.

Nilimwachia chupa na kumwandikia siku za kuosha kwenye kalenda ya ukutani.

Ugonjwa wangu uliwahi kurudi mara moja tangu hapo, kipindi nilichokuwa namuuguza mwanangu. Niliosha kama nilivyofundishwa, wiki mbili ukatulia. Mama naye alinipigia simu hivi karibuni kusema chupa imekwisha. Nikashangaa, maana ilipaswa kufika mwezi mwingine. Akakiri kwamba amewaambia wenzake wa jumuiya, na wanawake watatu wamekuja na vichwa vyao. Nikamwambia asigawe dawa hovyo, waende wakaangaliwe kwanza kama yeye.

"Wataenda," alisema mama. "Nimewaambia nitawasindikiza. Ila wewe lete chupa yangu."