Kimea cha Kumbukumbu ya Baba

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, nyumba yetu ya Mchafukoge ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mama alikuwa akiuza ndizi kwa jumla Kariakoo, na kila jioni aliniletea maganda na zilizopondeka nizigeuze spiriti ya kupikia. Nilitakiwa kuwasha jiko kwa spiriti hiyo mbele ya walimu; nikishindwa, narudia mwaka. Siku hizi naishi Upanga, na jiko langu halinuki kitu. Naikumbuka harufu ile mpaka inaniuma.

Chuo kilinipa kichupa kimoja cha vimeng'enya, vya kuugeuza wanga wa ndizi kuwa sukari ili hamira ipate chakula. Mimi mtoto wa Kichagga, tangu utotoni nimemwona mama akipika uji wa kimea cha ulezi kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Basi nami nikavimimina kwenye sufuria ya ndizi inayochemka, nikakoroga kwa mbwembwe. Vikafa vyote. Siku ya nne ndoo ya kuchachushia haikuwa na hata povu. Nililia.

"Mbona mi kimea nakipika?" mama akauliza.

"Uji wako unapata moto polepole, mama. Kimea nacho kina vimeng'enya, ila kinamaliza kazi kabla haujachemka."

"Haraka haraka haina baraka. Nakwambia kila siku."

Akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa kimea. Ulikuwa ulezi wa shamba la baba, mavuno yake ya mwisho, uliowekwa kwa mbege ya siku ya kumbukumbu ya kifo chake. Kwa mila yetu, siku hiyo kimea cha kununua hakifai.

"Mama, hicho si cha baba?"

"Cha dukani sikiamini. Hiki nimekiotesha mwenyewe. Lete sufuria."

Tukangoja ipoe mpaka mkono wake ukavumilia, ndipo tukatia kimea chote, kisha hamira. Ndoo ikachacha. Nikakeneka mvuke wake nikapata spiriti, jiko likawaka, nikafaulu.

Wiki mbili baadaye, siku ya kumbukumbu ya baba, wazee wa ukoo walishuka kutoka Kilimanjaro, wakakaa kungoja mbege. Mama akawapa soda. Mmoja akasema, watu wote wakisikia, kwamba mji umemlevya mjane huyu, amemsahau mumewe. Mama akainamisha kichwa, akaomba radhi. Mimi nilikuwa mlangoni, nimebeba kreti. Neno langu moja lingetosha, na sikulisema.