Alama Nyekundu kwenye Kamera

Mtu akikwambia Kavata alikuwa mpole, basi alimjua zamani, kabla ya Haron. Alikuwa mpole kweli. Alifua mashuka ya wagonjwa kwenye dobi ya hospitali moja kubwa kule Upper Hill, jioni akarudi kwa miguu hadi Riruta, upande wa Satellite, kwenye chumba kimoja walichopanga yeye na mumewe. Majirani walimsifu kwamba hata sauti yake hawaijui. Halafu wakaijua.

Ilianza siku ya Jamhuri, mwaka wa sabini na moja. Mumewe, Ndeti, fundi wa mabomba, alisema leo hatukai nyumbani, leo tunapigwa picha. Akavaa koti lake la kanisani, wakamchukua mtoto wao Musembi, wakaenda mjini kwenye bustani ya Jivanjee, ambako wapiga picha walisimama foleni nzima wakiwaita watu. Haron ndiye aliyewapata. Alikuwa na viatu vinavyong'aa na mdomo mtamu kupita kiasi.

"Mzee, inua kidevu. Mama, sogea karibu, huyu ni bwana yako, si askari." Ndeti akacheka. Musembi alikuwa akigeukageuka, basi Haron akamwonyesha nukta nyekundu aliyoipaka kwa rangi ya kucha juu ya kamera, kwenye kijigurudumu kidogo cha upande wa kushoto. "Kijana, angalia hii nyekundu. Usiache kuiangalia." Mtoto akaitumbulia macho, na mamake naye akaitumbulia. Haron akabonyeza, akavuta kile kimkono cha kamera, akabonyeza tena, akavuta, mara tatu. Akapokea malipo ya kwanza, akawaambia warudi baada ya wiki mbili.

Waliporudi, akawaambia picha imeungua. Jua lilikuwa limeingia kwenye kamera. "Si makosa yangu. Kujeni siku ingine, nitawafanyia bei nzuri." Ndeti, mtu asiyependa ugomvi, akasema haya, tutarudi. Hawakurudi. Mwezi wa nne lori lilimgonga Ndeti kwenye Barabara ya Ngong akitoka kazini, akafa hapohapo, na picha nyingine hakuwa nayo duniani. Kipande chake, kitambulisho cha siku zile, kilikuwa na alama za vidole tu, bila sura.

Sasa hapo ndipo moto ulipowaka. Krismasi ile Ndeti alikuwa amekwenda kwao Mbooni, akamwambia mamake, Mukonyo, kwamba wamepigwa picha mjini, na kwamba yeye mwenyewe amecheka ndani yake, aingoje. Mama wa watu akaingoja. Siku ya mazishi, mbele ya wazee na mbele ya wanakwaya, akamnyooshea Kavata mkono. "Mama Musembi, lete picha ya mwanangu."

"Iliungua, mwaitu," Kavata akasema. Ndivyo anavyomwita mama mkwe, kwa Kikamba chao.

"Iliungua na nini? Nyumba yako iliungua?"

Kavata akajaribu kueleza mambo ya jua na kamera, mambo ambayo hata yeye hakuyaelewa, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo. Mukonyo hakupiga kelele. Alisema tu kwamba umemficha mwanangu, unataka kubaki naye peke yako, na tangu siku hiyo hakula tena chakula kilichopikwa na Kavata. Akija Nairobi kutibiwa mguu wake, alifikia kwa binamu yake Kawangware, akapita mlango wa mjane wa mwanawe bila kubisha. Hayo ndiyo yaliyomchoma Kavata. Mume amekufa, sura yake imepotea, na mtu wa pekee ambaye angelia naye anamwita mwizi.

Jumapili moja akatoka kanisani, hakwenda nyumbani, akaenda moja kwa moja Jivanjee. Akamkuta Haron akipangusa kamera.

"Picha ya mume wangu iko wapi?"

"Nilikwambia, mama. Iliungua."

"Njoo useme hivyo kwa mama yake."

Haron akacheka, akawageukia wenzake. "Mnasikia huyu? Anafikiri hii kazi ni kufua nguo, unasugua, unaanika, umemaliza. Mama, picha huungua. Hujui kitu." Kavata hakuondoka. Akaanza kumwambia maneno ambayo wapita njia walisimama kuyasikiliza, na Haron, alipoona wateja wanasita, akapata hasira. "Sawa. Wewe chukua kamera. Piga picha moja kila wiki, mwaka mzima, na hakuna moja ifanane na nyingine. Kila wiki kitu kipya. Ukimaliza, kuja hapa, nitasema lolote unataka niseme. Ukishindwa, usinikanyagie hapa tena."

"Nani shahidi?" Kavata akauliza.

Palikuwa na mpiga picha mmoja wa makamo, Sifuna, mtu wa Bungoma asiyekuwa na maneno mengi. Akasema yeye atakuwa shahidi, picha ziletwe kwake. Wengine wakacheka wakiona ni mchezo. Kavata hakuwa akicheza.

Kamera aliipata kwa Were, jirani yake, mtunza bustani kule Karen. Wazungu wake walikuwa wamefungasha wakahama, wakamwachia vitu vya ovyoovyo: taa, viatu vya mvua, na kamera ndani ya mfuko wa ngozi. Were alikuwa akiitumia kufungia mlango usipigwe na upepo. Wakapatana: kamera kwa Kavata, na nguo za Were zifuliwe mwaka mzima. Were mwenyewe alisema amepunjwa, ila alilisema akitabasamu.

Kavata akanunua filamu ya picha kumi na mbili, akaitia kwa kubahatisha, akaanza. Akapiga mashuka ya hospitali yakiwa yamejaa upepo kwenye kamba. Akapiga viatu vya waumini vilivyopangwa nje ya kanisa la Akorino, wale wa vilemba. Akapiga kuku aliyelala juu ya tandiko la baiskeli, na dimbwi la Satellite lenye wingu ndani yake. Kila wiki alitembea akiitafuta picha yake kwa ghadhabu, na mtu akimwambia pumzika, anamwangalia vibaya. Alikuwa na neno moja tu kichwani, kwamba Haron atasema.

Alipohesabu picha kumi na mbili, akaipeleka filamu kwenye studio moja River Road. Mzee wa studio akaisafisha, akatoka nayo ikiwa nyeupe. Hapakuwa na kitu.

"Imeungua?" Kavata akauliza.

"Haijaungua. Ingeungua ingekuwa nyeusi. Hii haijapigwa hata moja. Uliitia vibaya, haikushika." Mzee akachukua kamera, akatia filamu nyingine, akavuta mkono wa kuisogezea. "Tazama hiki kijigurudumu cha kushoto. Filamu ikiwa imeshika, kila ukivuta, chenyewe kinazunguka. Kisipozunguka, unapiga hewa. Wengine hupaka alama hapo ili waione vizuri."

Kavata akasimama pale kaunta, akaiona Jamhuri yote tena. Nukta nyekundu iko juu. Haron anabonyeza, anavuta. Nukta iko juu. Anabonyeza, anavuta. Iko juu palepale, haijasogea hata unywele, na Musembi anaitazama, na Ndeti anacheka.

Alitoka bila kuaga. Alitembea kutoka River Road mpaka Riruta akiongea peke yake barabarani, na watu walimpisha. Angekuwa Haron amekosea kama alivyokosea yeye, angemsamehe, maana naye amepiga hewa wiki zote hizo bila kujua. Lakini Haron alikuwa amepaka rangi. Aliipaka ili ajue. Alijua hakuna filamu, akamwambia mtoto wa watu aitazame alama ileile inayomshtaki, akachukua malipo, akangoja warudi walipe mara ya pili. Jioni hiyo Kavata alifua nguo za Were mpaka vifungo vikang'oka. Were akaviokota kimoja kimoja.

Wiki zile hazikuingia kwenye hesabu ya mwaka. Haron aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Sijawaambia? Rudi kwa karai, mama." Kavata akamwambia Sifuna kwamba anaanza upya, na kuhusu ile alama hakumwambia mtu yeyote. Akanunua rangi ya kucha, nyekundu, akaitia nukta kwenye kamera yake.

Basi mwaka ukaanza tena, na huu ulikuwa wa kweli. Alipiga mvuke wa dobi ukimmeza mwenzake mpaka ikabaki mikono. Alipiga vioo vya ofisi mpya mjini vikiwa vimebeba anga nzima, na mfagiaji chini yake. Alipiga kivuli cha Musembi kikiwa kirefu kuliko nyumba. Kuna wiki mvua ilinyesha siku saba, akapiga masufuria sita yaliyokinga maji ya paa linalovuja, na Sifuna aliitazama hiyo kwa muda mrefu. Kila mwisho wa mwezi alipeleka picha Jivanjee, Haron akasema hizi ni takataka, nani atanunua picha ya sufuria, na kila mara kicheko chake kilipungua kidogo, kwa sababu wateja walikuwa wanasimama kuzitazama.

Hasira haikuisha. Watu humwambia mjane kwamba kazi itakuponya, na labda wanaosema hivyo hawajaibiwa. Kavata alikuwa anajua kupiga picha sasa, na hilo lilizidisha uchungu, maana alijua ni jambo dogo kiasi gani alilonyimwa. Kubonyeza mara moja tu. Ndeti angekuwa ukutani.

Jumapili ya mwisho ya ule mwaka ilipofika, akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi. Akaenda Kawangware, ambako Mukonyo alikuwa amefika kwa ajili ya mguu wake, akapiga magoti mlangoni. "Mwaitu, njoo nami mjini. Baada ya hapo, ukitaka usiniangalie tena, ni sawa." Mukonyo akachukua fimbo yake.

Wapiga picha wote walikuwepo. Habari zilikuwa zimeenea, na hata wauza njugu walisogea. Sifuna akahesabu picha, akasema bado moja. Haron akakunja mikono. "Basi malizeni. Unataka niseme nini? Niseme nilikuwa mbaya? Nitasema. Maneno si kitu."

Hilo Kavata alilijua tangu zamani. Mtu aliyeshindwa huropoka lolote aachiliwe, na Mukonyo angedhani Haron amelipwa aseme hivyo.

"Usiseme kitu," akamwambia. "Simama hapo nikupige. Wewe ndiwe picha yangu ya mwisho."

Haron hakulitegemea hilo, na kwa kweli likampendeza. Akavuta koti, akasimama vizuri. Kavata akamwambia inua kidevu. Akamwambia cheka kidogo. Halafu akanyoosha kidole kwenye nukta yake nyekundu. "Angalia hii nyekundu. Usiache kuiangalia."

Akabonyeza, akavuta. Akabonyeza, akavuta. Mara ya tatu Haron akashindwa kujizuia, akapasuka kwa kicheko, akawaita wenzake. "Jamani, mwaka mzima, na hajui kutia filamu. Mama, unapiga hewa. Hakuna kitu humo."

"Umejuaje? Hujaifungua."

"Si naiona hiyo alama? Haizunguki. Kama kuna filamu, inazunguka. Hata mtoto angeo..."

Kicheko kilibaki usoni bila mwenyewe. Sifuna alikuwa wa kwanza kuelewa, akamtazama Haron, kisha akaitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwa Haron, na nukta yake nyekundu.

Mukonyo alisikia Kiswahili, japo hakupenda kukisema. "Mama Musembi," akauliza taratibu, "siku ya mwanangu, ilizunguka?"

"Haikuzunguka, mwaitu. Mimi na Musembi tuliiangalia mara zote tatu. Aliambiwa aiangalie."

"Labda ilikwama," Haron akasema.

"Ikikwama unaiona," Sifuna akasema. "Ndiyo maana umeipaka rangi." Akainama, akachukua kibao cha matangazo cha Haron kilichosimama miguuni pake, akakilaza kifudifudi kwenye nyasi, na hakuna aliyemzuia.

Mukonyo akasogea kwa fimbo yake mpaka akawa karibu kabisa na yule mtu. Kavata alidhani atampiga, na alitamani ampige. Lakini mama aliuliza tu.

"Wewe ndiwe ulimtazama kwa hicho kijidirisha. Alicheka namna gani?"

Haron akatazama viatu vyake, akajikuna shingo. "Sikumbuki, mama," akasema. "Ni watu wengi."

Kavata alisikia kitu kikikatika ndani yake, na hakikuwa nafuu. Alikuwa amepata alichokitaka, na hasira ilikuwa kubwa kuliko siku ya kwanza. Kwa hiyo hata kichwani mwa mtu huyu Ndeti hayuko. Aliangaliwa na mtu asiyemwona.

Wakatoka wawili, wakaketi kwenye benchi, mbali na wale watu. Mukonyo hakuomba msamaha, si tabia yake. Alikaa akiusugua mguu wake. Mwishowe akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, akanyoosha mgongo.

"Wamesema imebaki moja."

"Imebaki moja, mwaitu."

"Tia filamu. Nipige mimi. Lakini unionyeshe hiyo alama."

Kavata akatoa filamu mfukoni, akaitia, akafunga mgongo wa kamera, akamsogezea mama mkwe aone. Akavuta. Mukonyo akainama karibu, macho yake yamejaa maji, asione vizuri.

"Inazunguka?"

"Inazunguka, mwaitu. Inua kidevu."