Boti Iliyopimwa Ikiwa Kavu

Boti ya kaka yangu ilikaa wiki sita kwenye uwanja wa ofisi yetu Sumbawanga, juu ya magogo mawili, ikipigwa na upepo wa Julai. Watu walikuja kupiga nayo picha. Mama aliyekuwa akichoma mahindi karibu na geti aliniuliza kama tunatarajia gharika. Nilicheka, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuchoshwa na kila swali lililohusu boti ile.

Ilipandishwa kutoka Kirando, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, kwa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, kwa sababu kamati yetu ilikuwa inaandika viwango vya kuunda boti mpya za mbao na wajumbe wengi hawakutaka kuteremka ziwani. Barabara mbovu, walisema, na mbu ni wengi. Kwa hiyo ziwa lilibaki kule kule na boti ikaja kwetu. Mimi nilikuwa katibu. Nilichaguliwa kwa kuwa nimezaliwa Kirando, nimesomea ufundi, na nadhani pia kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nilijiona nimefika.

Sitaki kuiponda kazi yote. Kitabu tulichokitoa kina mambo mazuri: unene wa mbao, aina ya misumari, nafasi kati ya mbavu za boti. Kabla yake kila fundi aliunda alivyojua, na wengine hawakujua.

Kilichobaki mwishoni kilikuwa kiasi cha mzigo. Mhandisi aliyetoka Dar es Salaam, mtu mpole aliyevaa sweta mbili kwa pamoja, alitaka kila boti mpya iandikwe ubavuni kwa rangi nyekundu idadi ya watu na magunia inayoruhusiwa kubeba. Ili kuipata idadi hiyo alihitaji uzito wa boti yenyewe: boti ikiwa nyepesi, mzigo unaoruhusiwa unaongezeka. Basi tukaipakia kwenye lori, tukaenda kwenye mizani ya ghala la mahindi, tukapima lori likiwa na boti, kisha tukalipima tupu. Kaka alikuwa amekuja kushuhudia. Aliizunguka boti yake mara moja, akatia kidole kwenye ufa kati ya mbao mbili. Kidole kikaingia chote.

"Hizi mnazopima ni kuni," alisema. "Sisi boti mpya hatuipakii kitu mpaka tuizamishe kwenye kina kifupi siku saba, inywe maji ishibe. Ikishiba inakuwa nzito, tena nzito kweli. Muulizeni huyu mdogo wangu, amekulia huko huko."

Mwenyekiti akanigeukia. Mhandisi alikuwa na tiketi ya basi la kesho yake. Kuirudisha boti ziwani, kuilowesha wiki nzima na kutafuta mizani kule chini kulimaanisha kuanza upya, na kila mtu pale alikuwa amechoka na baridi. Nilijua kaka anasema kweli. Utotoni nilishaona boti kavu ikisukumwa na wanaume wanane, na boti hiyo hiyo ikishalowa ikawashinda kumi na watano. Lakini nilikuwa nimevaa tai. Niliona haya kuonekana mbele ya mhandisi kama mtu anayeleta mambo ya ufukweni.

"Tofauti ipo, ila ni ndogo," nilisema.

Kaka alinitazama kidogo, kisha akauliza chai inapatikana wapi.

Zamani kaka alipakia kwa mkono wake. Aliinama ubavuni, akausimamisha mkono kiwiko kikigusa maji. Ukingo wa boti ukishuka chini ya ncha za vidole, aliyebaki nchi kavu alisubiri kesho, hata awe mkwewe. Watu walinung'unika lakini walitii, kwa sababu yeye ndiye fundi. Kitabu chetu kilipotoka, boti ikiwa imesharudi ziwani na namba ubavuni, mkono ule haukumtisha mtu tena. "Fundi, namba haijatimia," walimwambia. "Au wewe unajua kuliko serikali?" Akikataa, walichukua magunia yao wakahamia boti ya jirani. Alinipigia simu akiwa amekasirika, akaniambia kitabu changu kinamfukuzia abiria. Baada ya miezi michache hakulalamika tena; alikuwa ameanza kupakia kwa namba.

Mimi niliandika barua. Nilimwomba mwenyekiti boti ipimwe upya ikiwa imelowa. Nikajibiwa nisubiri mapitio. Nikaandika tena, nikaambiwa mapitio yanahitaji ushahidi. Nilipouliza ushahidi gani, nikaambiwa takwimu za ajali. Yaani tungoje watu wazame ndipo tupime tena, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo. Barua ya tatu haikujibiwa. Na niseme yote: katika barua zote tatu niliandika kwamba "huenda vipimo havikukamilika". Hakuna hata moja ambamo niliandika kwamba niliulizwa na nikadanganya. Nilikuwa mwoga, na bado ni mwoga.

Takwimu zikapatikana mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata. Boti ya kaka ilipinduka mchana, upepo ukiwa wa kawaida, ikiwa na watu na magunia ya dagaa. Waliohesabu baadaye walikuta hakuna mtu wala gunia lililozidi namba ya ubavuni. Mke wa kaka alikuwa mmoja wa waliozama. Shemeji yule ndiye aliyekuwa akiniwekea ugali likizo zote nilizorudi kutoka shule, na akinitania kwamba elimu inakondesha.

Nilifika Kirando siku ya pili ya msiba. Kaka alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanaume wengine. Nilichuchumaa mbele yake, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, siku ile niliongopa."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Rangi nimepaka mwenyewe." Akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka. Nilitamani anipige kofi mbele ya watu wote. Alinimiminia chai.

Siku ya tatu waombolezaji wa vijiji vya kusini wakaanza kurudi makwao. Huko hakuna barabara, ni boti tu. Ufukweni ilikuwapo moja mpya, kazi ya fundi mwingine, yenye mbao na misumari kama kitabu kinavyotaka, na namba nyekundu ubavuni. Watu walikuwa wameshajaa. Mama yangu mkubwa, dada wa marehemu mama, aliniona nimesimama pale na viatu vyangu vya ofisini. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mwanangu," akasema, "si wewe ndiye mwenye kile kitabu cha boti? Hebu niangalizie. Hii imepita?"

Niliwahesabu watu, nikahesabu magunia, nikasoma namba. Kulikuwa bado na nafasi ya mtu mmoja. Ningeweza kumwambia asipande, lakini kesho yake angepanda nyingine iliyoandikwa kwa kitabu kile kile, na kesho kutwa vivyo hivyo.

"Imepita, mama," nikasema.

"Asante, baba. Mungu akuzidishie." Akanipa mkono nimpandishe, nami nikampandisha.